Pima kisima masika, si kiangazi

Wenzangu wa Nungwi, Kidoti na Matemwe mnaochota kisima cha nyumbani: ulimi unajua chumvi tu. Vijidudu vya chooni havina ladha, na huku kwetu ardhi ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, kwa hiyo maji ya karo hupita upesi bila kuchujika vya kutosha.

Kuna kipimo rahisi cha kufanya nyumbani, kiitwacho H2S (jina la gesi ya harufu ya yai viza, ambayo vijidudu vya aina hiyo huitoa): chupa ndogo yenye karatasi iliyotiwa dawa. Unajaza maji mpaka alama, unafunga, unaiweka kivulini, unangoja saa 24 hadi 48. Yakigeuka meusi, maji hayo usiyanywe hivi hivi. Ndoo ya kuchotea iwe safi na kidole kisiguse ndani ya kifuniko, maana mkono mchafu nao utayageuza meusi ukalaumu kisima bure. Kisima kinachonuka yai viza hudanganya kipimo hiki; hicho peleka maji yake maabara. Ukiwa umetia klorini majuzi, ngoja iishe kwanza.

Pimeni masika, mvua ikishapiga siku kadhaa, maana ndipo maji ya karo husukumwa hadi kisimani. Majibu mazuri ya kiangazi yananiudhi, watu huyashika kama cheti cha mwaka mzima.

Yakitoka meusi, chemsha hadi yatokote kwa dakika 1. Mkaa ghali? Maji yasiyo na tope yaanike juani saa 6 kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, siku 2 kukiwa na mawingu. Chumvi lakini haitoki kwa kuchemsha, inazidi.