Somo: Miito ya mfumo katika Linux, na kwa nini kila jibu lisomwe

Nilipoandika programu ya kuweka rekodi za mizani kwa kikundi kimoja cha wachuuzi wa samaki pale Dunga, Kisumu, niliamini kwamba mstari ukipita kwenye fprintf, amri ya lugha ya C ya kuandika kwenye faili, bila kosa, basi umeshaandikwa. Alasiri moja mvua ilinyesha, stima ikapotea, na laptopu ambayo betri yake ilikuwa imechoka ikazimika papo hapo. Stima iliporudi tulikuta faili ya siku hiyo imeishia saa nne asubuhi, katikati ya mstari. Karibu rekodi mia moja za ngege na mbuta zilizopimwa baada ya hapo hazikuwepo, na akina mama waliouza samaki hao walikaa hadi usiku wakizikusanya hesabu zao upya kutoka kwenye vikaratasi vya wanunuzi. Somo hili linatokana na siku hiyo, na ninalitoa kwa wanachama wote wa darasa letu la Jumamosi, hata wale ambao hawajawahi kuandika C.

Programu yako, iwe imeandikwa kwa lugha gani, haiwezi kuigusa diski, kioo wala waya wa mtandao. Prosesa yenyewe inaizuia, kwa kuwa vifaa hivyo vimeachiwa kerneli peke yake, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya Linux inayosimamia vifaa. Programu inapohitaji kitu, huweka namba ya ombi na maelezo yake mahali maalumu ndani ya prosesa, kisha husimama na kuikabidhi kazi kerneli. Ombi hilo ndilo tunaloliita mwito wa mfumo. Kwenye Linux ya biti 64 kwa prosesa za Intel na AMD, read ni namba 0, write ni 1, open ni 2, close ni 3, fork ni 57 na execve ni 59. Kerneli ikimaliza, hurudisha namba moja tu ya jibu, na namba hiyo ndiyo kiini cha somo hili lote.

Hatua ya kwanza: itazame miito kwa macho yako

Kwenye Ubuntu au Debian, sakinisha chombo kinachoitwa strace, kisha utengeneze faili ndogo na kuisoma:

sudo apt install strace
printf 'ngege 4\nmbuta 7\n' > mizani.txt
strace cat mizani.txt

Mistari mingi ya mwanzo inahusu kupakia maktaba ya C, yaani mkusanyiko wa kazi zilizoandikwa tayari ambazo programu huzitumia, kwa hiyo iruke. Karibu na mwisho, kwenye kompyuta yangu, ninaona haya:

openat(AT_FDCWD, "mizani.txt", O_RDONLY) = 3
read(3, "ngege 4\nmbuta 7\n", 131072) = 16
write(1, "ngege 4\nmbuta 7\n", 16) = 16
read(3, "", 131072) = 0
close(3) = 0

Usiende mbele kabla hujaielewa mistari hii mitano. Namba iliyo baada ya alama ya sawasawa ni jibu la kerneli. Jibu la openat ni 3, kwa sababu kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, kwa kawaida huzaliwa ukiwa na namba tatu za faili tayari: 0 ya kupokea, 1 ya kutoa, na 2 ya kutolea makosa, na kerneli hutoa namba ndogo kabisa iliyo wazi. Kuanzia hapo programu hailitaji tena jina la faili, bali husema 3. Programu ya cat iliomba baiti 131072 ikapewa 16, yaani herufi zote za mistari miwili pamoja na alama mbili za kushuka mstari. Ikaziandika zote 16 kwenye namba 1. Iliposoma tena ilipewa 0, na sifuri kutoka kwa read maana yake ni kwamba faili imefika mwisho. Utaona pia kwamba Linux ya leo hutumia openat, namba 257, hata pale wewe ulipoandika open.

Hatua ya pili: kufungua na kusoma

Unapofungua faili unaieleza kerneli nia yako. O_CREAT huitengeneza faili ikiwa haipo, O_TRUNC huifuta yote iliyomo, na O_APPEND hupeleka kila uandishi mwishoni. Kwa rekodi za mauzo tumia O_APPEND, na uiogope O_TRUNC kama unavyouogopa moto karibu na nyasi kavu. Mwito ukishindikana, programu ya C hupata -1 na sababu huwekwa kama namba mahali panapoitwa errno: ENOENT, yaani namba 2, husema faili haipo, na EACCES, yaani namba 13, husema huna ruhusa. Hizi ni habari mbili tofauti kabisa, na programu inayoandika tu kwamba imeshindwa kufungua faili inamnyima mtumiaji habari ambayo kerneli imeshaitoa.

Kuhusu read, jambo moja huwapotosha wengi: inaweza kukupa pungufu ya ulichoomba bila kuwa kosa. Kwenye mtandao hilo hutokea kila mara, kwa kuwa data hufika kwa vipande, kwa hiyo rudia mpaka upate unachohitaji au upewe 0.

Hatua ya tatu: kuandika, na kuhakikisha kimeandikwa

Hapa ndipo rekodi za Dunga zilipopotelea, na zilipotea mara mbili.

Kati ya fprintf na diski kuna vituo viwili. Cha kwanza ni bafa ya maktaba ya C, yaani sehemu ya memori inayokusanya data kabla ya kuipeleka mbele, iliyo ndani ya mchakato wako. Faili inapokuwa ya diski, bafa hiyo kwa kawaida huwa na baiti 4096, na maktaba haiiti write mpaka ijae. Mstari mmoja wa rekodi zetu ulikuwa na herufi arobaini hivi, na arobaini mara mia moja na mbili ni 4080. Hesabu hiyo nilipoifanya ndipo nilipoelewa kwa nini tulipoteza karibu mia moja: mistari hiyo haikuwa imeondoka kwenye programu, na kerneli haikuwa imeisikia kabisa. Ndiyo maana pia faili iliishia katikati ya mstari, kwa kuwa bafa inayojaa haijali mstari unaishia wapi.

Nikaongeza fflush, inayoimwaga bafa hiyo kwa kerneli, baada ya kila rekodi nikidhani nimemaliza. Siku chache baadaye stima ikapotea tena, na safari hii zikakosekana rekodi mbili za mwisho. Hicho kilikuwa kituo cha pili. Mwito wa write unapojibu 40, maana yake ni kwamba kerneli imezipokea baiti 40 na kuziweka kwenye memori yake. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, data inaweza kukaa humo kama sekunde 30 kabla ya kerneli kuona imefika wakati wa kuipeleka diskini. Programu ikianguka katika muda huo data iko salama, kwa sababu kerneli bado iko hai. Stima ikikatika, imekwenda.

Mwito unaokuambia kwamba data imefika kwenye diski ni fsync, namba 74. Husimama hapo mpaka diski ijibu. Uandishi kamili basi unakuwa hivi, ambapo fd ni namba ya faili, p ni mahali data inapoanzia, na baki ni baiti ambazo hazijaandikwa:

while (baki > 0) {
    ssize_t n = write(fd, p, baki);
    if (n < 0) {
        if (errno == EINTR) continue;
        return -1;
    }
    p += n;
    baki -= n;
}
return fsync(fd);

EINTR, namba 4, maana yake ni kwamba ishara fulani, yaani taarifa fupi inayotumwa kwa mchakato, iliukatiza mwito kabla haujaanza kazi, kwa hiyo unaurudia tu. Mistari ya p na baki ipo kwa sababu write nayo inaweza kupokea sehemu ya data na kuiacha nyingine.

Fsync ikikujibu kwa kosa, usiirudie ukitumaini mema. Mwaka 2018 watunzi wa hifadhidata ya PostgreSQL walikumbana na ukweli kwamba kwenye Linux fsync ya kwanza inaweza kushindwa, kisha ya pili ikajibu kwamba yote ni sawa ilhali data ya kwanza haikufika. Mtunzi wa programu akiona kosa hilo aiandike data upya kutoka kwenye chanzo chake, au aisimamishe programu na kumweleza mtumiaji waziwazi.

Ukitaka kubadilisha faili nzima badala ya kuongeza mwishoni, andika faili mpya ya muda ndani ya folda ileile, iite fsync, kisha tumia rename kuipa jina la ile ya zamani. Msomaji ataikuta ama ya zamani kamili au mpya kamili. Halafu ifungue folda yenyewe na kuiita fsync pia, kwa kuwa jina la faili hukaa kwenye folda.

Hatua ya nne: kuzaa mchakato

Unapoandika ls, amri ya kuorodhesha faili, kwenye sheli, yaani programu inayopokea amri zako, na kubonyeza Enter, sheli huita fork. Mwito huu huitwa mara moja na kujibu mara mbili: mzazi hupewa namba ya mtoto, na mtoto, ambaye ni nakala ya mzazi, hupewa 0. Mtoto huita execve, ambayo hutupa programu iliyokuwemo na kupakia ls mahali pake huku namba ya mchakato ikibaki ileile. Mzazi naye huita wait4 na kusubiri. Kwenye strace utaona clone badala ya fork, kwa sababu maktaba ya C huipitisha kazi hiyo huko. Ongeza -f ili watoto nao wafuatwe.

Kugawanywa kwa kazi hii kuwa miito miwili ni uamuzi wa watu wa Unix ninaouheshimu sana. Katika nafasi iliyo kati ya fork na execve, mtoto anaweza kupanga mambo yake. Ukiandika ls > orodha.txt, mtoto huifungua orodha.txt, hutumia dup2 kuiweka mahali pa namba 1, ndipo huita execve. Programu ya ls haijui lolote, bali huandika kwenye 1 kama ilivyozoea.

Hatua ya tano: mingineyo

Memori huombwa kwa brk na mmap, ambazo malloc, kazi ya C ya kuomba memori, hukuitia. Mawasiliano ya mtandao huanza na socket, na kutoka hapo connect, bind, listen na accept. Ishara hutumwa kwa kill, ambayo licha ya jina lake hutuma ishara yoyote ile. Kuuliza saa mara nyingi hakuingii kwenye kerneli kabisa, kwa kuwa Linux huiweka saa mahali ambapo programu inaweza kuisoma yenyewe, na ndiyo sababu strace huenda isikuonyeshe.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kakamega:* Shikamoo mwalimu. Mimi hutumia Python peke yake. Je, haya yananihusu?

*Jibu:* Marahaba. Yanakuhusu yote, dada. Endesha strace python3 pamoja na jina la programu yako na utaiona miito ileile. Python nayo ina bafa yake, kwa hiyo kuita os.fsync pekee hakutoshi: tanguliza f.flush(), kisha os.fsync(f.fileno()). Ukigeuza mpangilio huo, utakuwa umehifadhi kila kitu isipokuwa mistari ya mwisho.

*Mwanachama wa Nakuru:* Seva yangu hufanya kazi vizuri asubuhi, lakini kufikia mchana hukataa wateja wote kwa kosa namba 24. Nikiizima na kuiwasha hupona.

*Jibu:* Hilo ni EMFILE, ndugu. Namba za faili zimekwisha, na mara nyingi kikomo ni 1024, ambacho unaweza kukihakikisha kwa ulimit -n. Tazama ls -l /proc/namba/fd, ukiweka namba ya mchakato wako. Ukikuta soketi (njia za mawasiliano ya mtandao) mia kadhaa ilhali wateja ni watano, kuna njia katika programu yako inayotoka bila kuita close, na mara nyingi ni ile njia ya makosa. Usikiongeze kikomo kabla hujaipata, kwa sababu utakuwa umesogeza tu saa ya kuanguka.

*Mwanachama wa Kondele:* Niliweka fsync kila rekodi kama ulivyofundisha, na sasa kuingiza rekodi elfu kumi za zamani kunachukua muda mrefu sana.

*Jibu:* Ni kweli, na si kosa lako. Kila fsync inasubiri diski. Kwenye mizani, ambapo mtu hupima samaki mmoja kwa wakati, hakuna atakayehisi. Kwa kuingiza rekodi za zamani, andika mia tano kisha uite fsync moja, kwa kuwa nakala ya asili bado unayo na unaweza kuanza upya. Swali la kujiuliza ni hili: stima ikikatika sasa hivi, ni nani atakayeweza kunirudishia rekodi hii?

*Mwanachama wa Busia:* Kompyuta za ofisi yetu ni za Windows. Majina haya yapo huko?

*Jibu:* Kazi zipo kwa majina mengine: CreateFile, ReadFile, WriteFile, na FlushFileBuffers inayokaa mahali pa fsync. Fork haipo, kwani CreateProcess huzaa mchakato na kuupakia programu kwa pamoja.

*Mwanachama wa Bungoma:* Mwalimu, nina michakato yenye herufi Z kwenye ps, ile amri inayoorodhesha michakato. Nimetumia kill -9 na haiondoki.

*Jibu:* Haiondoki kwa sababu imeshakufa. Kilichobaki ni jibu lake la mwisho, ambalo kerneli imelitunza ili mzazi aje kulichukua kwa wait, na mzazi hajaja. Tafuta namba ya mzazi kwa ps -o ppid= -p namba, kisha urekebishe programu hiyo iite waitpid kila mtoto anapokufa. Kwa leo, ukimsimamisha mzazi, watoto hao kwa kawaida watachukuliwa na mchakato namba 1, nao utayapokea majibu yao na Z zitatoweka. Nitumie sehemu ya programu yako inayoita fork, na Jumamosi tutaisoma pamoja darasani.