Mguu unaouma na mguu uliokufa ganzi: nini utibu nyumbani, lini uende hospitali

Watu wengi huupima ugonjwa wa mguu kwa maumivu. Ukiuma sana wanakwenda hospitali, usipouma wanasubiri. Kwa mtu mzima wa afya kipimo hicho kinafaa mara nyingi. Kwa mwenye kisukari, au mwenye ganzi miguuni kwa sababu nyingine kama ukoma, ulevi wa miaka mingi au baadhi ya dawa za kifua kikuu, kipimo hicho ndicho kinachowafikisha watu kwenye kukatwa mguu. Kidonda kisichouma ndicho cha kukimbiliwa. Kwa hiyo kabla ya kununua dawa yoyote, jua kwanza kama mguu wako unahisi.

Kipimo cha kugusa vidole

Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, na hakihitaji kifaa chochote isipokuwa kidole cha mtu mwingine. Mjukuu wa miaka kumi anaweza kumpima bibi yake. Anayepimwa avue viatu na soksi, alale au akae miguu imenyooka, afumbe macho. Anayepima aguse ncha ya kidole cha mguu kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi wa unyoya, sekunde 1 hadi 2, kwa mpangilio huu:

1. Kidole gumba cha mguu wa kulia
2. Kidole cha mwisho cha kulia
3. Kidole gumba cha kushoto
4. Kidole cha mwisho cha kushoto
5. Kidole cha kati cha kulia
6. Kidole cha kati cha kushoto

Kila anapohisi, aseme "kulia" au "kushoto". Kinachoharibu kipimo ni kubonyeza, kupapasa, na kurudia kugusa kidole ambacho hakikuhisi. Mpimaji akimwonea huruma mgonjwa akambonyeza kidogo "ili ahisi", amemdanganya. Mtu akikosa vidole 2 au zaidi kati ya 6, hisia zimepungua. Huyo aende kliniki, na ushauri wa kujitibu utakaofuata hapa chini asiutumie kabla mhudumu wa afya hajamwona.

Jambo jingine la kujua mapema ni rangi. Vitabu husema mguu wenye maambukizi huwa mwekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani. Ngozi hung'aa, hukakamaa, au huzidi weusi tu. Tumia mgongo wa mkono: gusa mguu mmoja, kisha mwingine mahali palepale. Ukiukuta mmoja una joto kuliko mwenzake, kuna jambo linaendelea ndani. Na kwa akina mama wa pwani wenye kisukari, ni bora nyayo na kucha za miguu zibaki bila hina wala piko, kwa sababu rangi hizo huficha mabadiliko ambayo ungeyaona siku ya kwanza.

Magaga na sugu

Kisigino hupasuka kwa sababu ngozi imekauka na kuwa nene, kisha uzito wa mwili unaipanua kila unapokanyaga. Kandambili zilizo wazi nyuma na sakafu ya saruji huongeza tatizo. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, kausha, kisha paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu. Krimu yenye yurea ya asilimia 10 hadi 25 hufanya kazi vizuri zaidi kwa magaga magumu. Vaa soksi za pamba ulale nazo. Rudia kila usiku kwa wiki mbili au tatu, kisha mara mbili kwa wiki.

Kosa kubwa ni wembe. Wembe haujui ngozi iliyokufa inaishia wapi, na kadiri unavyokata ndivyo ngozi inavyorudi nene zaidi. Ufa ukifika kwenye nyama na kutoa damu, acha kusugua, osha, paka mafuta, funika. Ukianza kutoa usaha, nenda kituo cha afya.

Sugu huota pale kiatu au mfupa unapobana ngozi. Ukiiondoa bila kuondoa kinachobana, itarudi. Plasta za sugu zinazouzwa dukani zina asidi ya salisiliki, na asidi hiyo haibagui kati ya sugu na ngozi nzima. Mwenye ganzi asizitumie kabisa. Ukiona doa jeusi au la damu chini ya sugu ya mtu mwenye kisukari, lihesabu kuwa kidonda kilichofunikwa na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Fangasi katikati ya vidole

Ngozi kati ya kidole cha nne na cha tano hulainika, huwa nyeupe, huwasha, hunuka na kubanduka. Fangasi hupenda unyevu uliofungiwa. Ndiyo maana huwapata sana wanaovaa mabuti ya mvua au ya ulinzi kutwa nzima, na pia wanaotawadha mara tano kwa siku kisha wakavaa soksi haraka. Udhu hauna kosa, kosa ni kutokausha. Weka kitambaa kidogo cha pamba mahususi kwa miguu, upitishe katikati ya kila kidole.

Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara 2 kwa siku hadi wiki 4. Tabinafini ya asilimia 1 hupakwa mara 1 kwa siku kwa wiki 1, nayo ni ghali kidogo. Mafuta ya Whitfield ni ya bei nafuu na bado yanafanya kazi, ila huchoma kwenye ngozi iliyochubuka. Paka hadi sentimita 2 nje ya mpaka wa ugonjwa. Wengi huacha muwasho ukiisha, siku ya nne au ya tano, na ugonjwa hurudi kwa sababu fangasi walikuwa bado hai. Ukitumia klotrimazoli, endelea angalau wiki moja baada ya ngozi kuonekana safi.

Jihadhari na krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni. Hutuliza muwasho usiku uleule, ndiyo maana zinapendwa, lakini hupunguza nguvu za ngozi kupambana na fangasi, na ugonjwa huenea ukiwa umejificha. Soma majina madogo kwenye boksi kabla ya kulipa.

Ukucha ulioshikwa na fangasi, ule mnene wa njano unaomeguka, krimu hizi haziufikii vya kutosha. Unahitaji vidonge vya wiki nyingi na daktari atakayeangalia hali ya ini lako. Hata dawa ikifanya kazi, ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota upya.

Ukucha ulioingia kwenye nyama

Huanza kwa mkasi. Mtu hukata kona za ukucha kwa mviringo, kipande chenye ncha hubaki pembeni, nacho huota kuelekea ndani kama mwiba. Kata kucha za miguu moja kwa moja, zilingane na ncha ya kidole, kisha piga tupa kona. Ukucha ukiwa umeanza kuingia na hakuna usaha, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika 15 hadi 20 mara 3 kwa siku, sukuma nyama kando taratibu kwa pamba, na vaa kiatu cha wazi mbele. Usichimbe. Baada ya siku 3 bila nafuu, au ukiona usaha au nyama laini inayotoa damu, nenda hospitali. Huko hukitia ganzi kidole kwa sindano, hukata ukanda mwembamba wa pembeni wa ukucha, na huchoma mzizi wake kwa dawa ya fenoli usiote tena. Kung'oa ukucha wote bila kugusa mzizi mara nyingi hurudisha tatizo lilelile.

Kisigino kinachouma asubuhi

Ukishuka kitandani hatua za kwanza zinachoma kama msumari, kisha maumivu yanapungua ukitembea, yanarudi jioni: huo ni utando wa chini ya unyayo uliochoka. Huwapata wanaosimama kutwa, kama walimu, mama lishe na walinzi, na wanaotembea peku kwenye vigae. Kunyoosha ndiyo tiba yenyewe. Simama mbele ya ukuta, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini, egemea mbele sekunde 30, mara 3, asubuhi na jioni. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako mara 10. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda dakika 10. Nyumbani vaa ndala zenye soli nene badala ya kwenda peku. Wengi hupona, lakini huchukua miezi. Muone daktari wiki 6 hadi 8 zikipita bila nafuu, au mapema zaidi kama kisigino kinauma usiku ukiwa umelala, kimevimba, au kinauma kikibanwa pande mbili kwa viganja, maana huo unaweza kuwa mfupa ulioanza kupasuka.

Maumivu ya ghafla usiku kwenye fundo la kidole gumba, hata shuka likigusa unapiga kelele, ni jongo (gauti) mara nyingi. Hayo hayasuguliwi. Yanahitaji dawa na vipimo.

Funza

Funza, au tekenya, ni kiroboto jike aliyezama kwenye ngozi, akavimba mayai hadi ukubwa wa punje ya dengu au zaidi ndani ya wiki mbili. Kumchokoa kwa pini ni desturi ya siku nyingi, na pini moja ikizunguka nyumba nzima inaweza kusambaza homa ya ini na VVU, na tundu linalobaki linaweza kuingiza pepopunda. Mafuta ya dimetikoni hupakwa juu ya funza, huziba njia yake ya hewa, naye hufia humo na ngozi humtoa yenyewe. Pasipo dawa hiyo, mhudumu wa afya amtoe kwa sindano mpya baada ya kusafisha. Miguu ikitibiwa na sakafu ya vumbi ikaachwa ilivyo, watoto watarudi wiki ijayo na wengine. Nyunyiza maji ufagie, au siriba sakafu, na usilaze mbuzi na kuku chumba kimoja na watu.

Mwenye kisukari

Hapa hakuna la kungoja. Kila siku angalia nyayo zote mbili, kwa kioo kidogo sakafuni ukishindwa kuinama. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, kwa sababu kokoto moja kwa mwenye ganzi hutosha kutoboa ngozi. Viatu vya mitumba vikague zaidi: misumari ya soli huchomoza ndani, na soli imeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Kabla ya kununua kiatu, simama juu ya karatasi jioni mguu ukiwa umetanuka, chora unyayo, kata, ingiza karatasi ndani. Ikijikunja, kiatu ni chembamba. Kiwe na nafasi ya sentimita 1 mbele ya kidole kirefu.

Usiloweke miguu, usiote moto jikoni, na maji ya kuogea yapime kwa kiwiko. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika juu ya wagonjwa wa kisukari waliong'atwa vidole na panya usiku bila kuamka.

Kidonda kikitokea, osha kwa maji safi, funika kwa shashi kavu, uache kukikanyagia, uende hospitali siku hiyo au kesho yake asubuhi. Usiweke majivu, dawa ya meno, tumbaku wala unga wa vidonge. Kidonda cha unyayo hakiponi kwa dawa pekee. Hupona kikiondolewa uzito, na ndiyo maana daktari anaweza kukufunga plasta ngumu hadi chini ya goti. Anayebadilishiwa bandeji kila siku huku akitembea juu ya kidonda hupoteza miezi.

Upo pia mguu unaovimba na kuwa na joto bila kidonda wala maumivu makali. Mara nyingi huambiwa ni kuteguka, mgonjwa akapelekwa kukandwa. Kwa mwenye ganzi huenda mifupa inasagika ndani, na eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu. Akiendelea kutembea, unyayo hubonyea katikati kama tumbo la mtumbwi na haurudi. Aache kuukanyagia siku hiyo.

Usiku huohuo, bila kungoja kuche, mpeleke mtu yeyote mwenye kidole kilichogeuka cheusi, mguu uliopauka na kuwa wa baridi ghafla, homa pamoja na mguu uliovimba, au harufu ya uozo. Aliyekanyaga msumari apate chanjo ya pepopunda hata kama tundu ni dogo.

Umwone nani

Wataalamu waliosomea miguu peke yake ni wachache sana Afrika Mashariki, kwa hiyo usikae ukimtafuta huyo tu. Kidonda cha kisukari hupelekwa kliniki ya kisukari ya hospitali ya wilaya au mkoa. Magonjwa ya ngozi yasiyosikia dawa yana wahudumu waliosomeshwa katika kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania. Viatu tiba na soli maalumu hutengenezwa na mafundi wa ortopedia, na wengi wao wamesomea TATCOT, chuo cha mafundi hao, nacho kipo Moshi. Aliyeko Uingereza mwenye kisukari anastahili ukaguzi wa miguu kila mwaka bila malipo.

Mwenye kisukari na hisia kamili akaguliwe mara 1 kwa mwaka. Aliyepoteza hisia, kila miezi 6 hadi 12. Aliyewahi kupata kidonda, kila mwezi hadi miezi 3. Nenda na daftari la sukari, dawa zako, na viatu unavyovivaa kila siku, si vile vya Jumapili. Ukiingia chumbani, vua viatu na soksi za miguu yote miwili bila kungoja kuambiwa, uombe ipimwe hisia na mapigo ya damu.