Pampu ya oili na sensa za spidi kwenye gia boksi ya otomatiki (Toyota A340), soma kabla hujashusha

Habari zenu wakuu. Leo nataka tuongelee A340, ile gia boksi ya gia nne iliyotengenezwa na Aisin, utaikuta kwenye Hilux Surf na 4Runner za V6 ya 3.4, Supra za miaka ya 90 na Toyota nyingine kibao. Ni boksi ngumu kwelikweli, lakini kila siku naona mtu anaambiwa "hii imekufa, katafute nyingine Kariakoo" kumbe sensa imechafuka au chujio limeziba. Inaniuma sana hii, maana hela ya boksi la mtumba siyo ya kuokota na lenyewe huna uhakika nalo.

Kwanza uelewe pampu inazungushwa na nini. Iko mbele kabisa, nyuma ya toki konveta (kile kidude cha mviringo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye boksi kwa oili), ni gia ndogo ndani ya gia kubwa, na shingo ya konveta ina makato mawili yanayoshika ile gia ndogo. Kwa hiyo injini ikiwaka pampu inazunguka hata ukiwa kwenye P, injini ikizima pampu nayo imelala. Ndiyo sababu gari ya otomatiki haiburutwi na kamba matairi yote yakiwa chini, unakuwa unazungusha vyuma vya ndani bila oili hata tone, ipakie kwenye karieri au fungua propela shafti ndipo uvute.

Dalili za pampu: mlio wa kuzomea unaopanda na resi kwenye kila gia mpaka P, ukiweka D inachelewa kushika na R hivyo hivyo, halafu ikipata moto inazidi kuteleza. Ila kabla hujailaumu pampu angalia levo ya oili na chujio, pampu ikivuta hewa au ikinyimwa oili inalia vilevile na oili kwenye dipstiki inakuwa na povu. Shusha sampu (lile bakuli la oili chini ya boksi) kwanza. Ina bolti ndogo 19, zikazwe 7.4 Nm tu, ukizikaza kwa hasira unapinda sampu na itavuja milele. Unga mweusi kidogo kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole siyo kawaida, hapo boksi lazima lishuke.

Sasa sensa, anza nazo kwa sababu zipo nje na bolti ni moja moja ya namba 10. Moja iko ubavuni mwa boksi inasoma mzunguko unaoingia, nyingine iko mkiani au kwenye transfa (boksi dogo linalogawa nguvu mbele na nyuma) kama ni 4WD, inasoma mzunguko unaotoka. Kompyuta inalinganisha hizo mbili ndipo inajua gia inateleza au imeshika, ikipoteza moja inaanza kubadilisha gia kwa kishindo, overdrive (O/D, yaani gia ya nne) inagoma, taa ya O/D OFF inapepesa. Gari za zamani zisizo na OBD2 (soketi ya kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu) unaunga waya kati ya pini za TE1 na E1 kwenye boksi la daignosisi, swichi ya O/D ikiwa on, unahesabu taa inavyopepesa upate kodi, yaani namba ya hitilafu: 42 ni sensa ya spidi ya kwanza, 61 ni ya pili (ile ya mzunguko unaotoka), 67 ni ile ya mzunguko unaoingia. Zenye OBD2 tafuta P0500, P0715 au P0720. Ukikuta 62, 63 au 64 hizo ni solenoidi (vali za umeme ndani ya boksi), usihangaike na sensa.

Chomoa soketi taratibu, ile plastiki ikishazeeka inavunjika kama biskuti, halafu angalia pini kama zina kutu au oili imepanda mpaka ndani. Osha sehemu inayozunguka sensa KABLA hujaitoa, mchanga ukidondokea ndani umejitafutia balaa. Ukishaitoa angalia ncha yake, ina sumaku kwa hiyo inabeba unga wa chuma, na ukijaa sana sensa inasoma ovyo. Futa na kitambaa kisichotoa nyuzi. Sasa chukua multimita, sensa ya kuingia yenye pini mbili ikiwa imepoa kwenye nyuzi kama 20 isome ohm 560 hadi 680. Kipimo kingine ninachokipenda, weka multimita kwenye volti ndogo, sogeza sumaku mbele ya sensa kisha iondoe haraka, volti lazima zicheze kidogo. Zisipocheza kabisa hiyo sensa imekufa. Kama ni ya pini tatu usiipime ohm, hiyo inahitaji umeme ndipo ifanye kazi. Sensa ikiwa nzima, pima waya mpaka kwenye kompyuta kwa sababu panya na joto la ekzosi vinakula sana nyaya za huku chini. Rudisha na oringi mpya uliyoipaka oili ya gia boksi, kaza kawaida tu, haitaki nguvu.

Kama bado pampu ndiyo mshukiwa, au oili nyekundu inavuja pale injini inapokutana na boksi, shusha. Chomoa terminali ya betri, mwaga oili, toa propela, fungua bolti 6 za konveta kwenye flekspleti (ile sahani ya chuma nyuma ya injini) ukiwa unazungusha injini taratibu, na boksi likae kwenye jeki yake kabisa, ni zito na linaua mtu. Konveta itoke pamoja na boksi, isibaki inaning'inia.

Pampu imeshikwa na bolti 7. Inavutwa na pula, usiichokonoe na bisibisi pembeni maana unaharibu mahali oringi inapokaa. Ikitoka angalia nyuma yake, kuna washa nyembamba ya kuzuia msuguano inapenda kung'ang'ania hapo, ikipotea au ikiwekwa kinyume kazi yote bure. Ukitenganisha nusu mbili, weka alama kwenye gia zote kwa maka peni, siyo kwa kugonga na senta panchi, upande uliokuwa juu ubaki juu.

Pima kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Gia kubwa na bodi ya pampu: nzuri ni 0.07 hadi 0.15 mm, mwisho 0.3. Kati ya ncha za meno na ile nusu mwezi (kipande cha chuma kilicho kati ya gia mbili): 0.11 hadi 0.14, mwisho 0.3 pia. Halafu weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya gia na bodi, nafasi iwe 0.02 hadi 0.05, ikifika 0.1 imechoka. Hiki cha tatu ndicho watu wanakiruka na ndicho kinachopoteza presha nyingi, usikiruke. Ukucha ukikwama kwenye mikwaruzo ya bodi nunua pampu nyingine, msasa hausaidii hapo. Na kama sili ya mbele ilikuwa inavuja tazama bushi ndani ya pampu na shingo ya konveta, bushi ikiwa imelika sili mpya haikai.

Kufunga: sili mpya iingie mpaka iwe sawasawa na ukingo wa bodi, ringi mbili za shafti iliyo nyuma ya pampu zizunguke bila kukwama, oringi kubwa mpya, kila kitu upake ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki), na cha kushikiza washa tumia vaselini, grisi ya beringi hapana. Bolti za pampu 22 Nm, kaza kwa kupishana.

Sasa hapa tulia kabisa, ndipo pampu mpya zinapofia. Mwagia konveta lita moja hivi ya oili, iingize kwenye boksi huku unaizungusha na kuisukuma, itazama hatua kwa hatua, shafti, kisha stata ya ndani ya konveta (siyo ile ya kuwashia injini), kisha yale makato yashike gia ya pampu. Mimi mara ya kwanza nilihisi mbili nikadhani imekaa, nikavuta boksi kwa bolti likagusana na injini, tukapiga stata mara moja, ikalia KRAA, pampu ikapasuka. Siku tatu za kazi zikapotea. Kwa hiyo boksi likifika kwenye injini, konveta lazima izunguke kwa mkono na iwe na nafasi kidogo kabla ya kufika kwenye flekspleti. Ikibana, rudisha boksi nyuma, usiongeze hata nyuzi moja ya bolti.

Jaza oili ya aina iliyoandikwa kwenye dipstiki, washa injini ukiwa P, sikiliza, ongeza polepole. Boksi likipata moto, nyuzi 70 hadi 80, pitisha gia zote mpaka L na urudi P, injini ikiwa bado inawaka bila resi ndipo usome dipstiki upande wa HOT. Kisha futa zile kodi na uendeshe kilomita kadhaa, ukirudi lala chini na tochi uangalie pale mbele na kwenye sensa kama pako pakavu.