Somo: Kusoma nembo ya kikosi cha dharura, mfano GSG 9

Leo tunaichambua nembo ya GSG 9 (kifupi cha Kijerumani cha "Kikundi cha 9 cha Walinzi wa Mpaka"), kikosi cha polisi wa Ujerumani kilichoundwa Septemba 1972, wiki chache baada ya watu 11 wa timu ya Israeli kuuawa kwenye Olimpiki ya Munich. Tai, na majani ya mwaloni yakimzunguka. Basi. Ukiwa na sarafu za euro za Kijerumani, ziweke mezani.

Hatua ya 1: Uliza nembo ni ya nani. Wengi hutafuta kwanza bunduki au fuvu. Tai huyu ni wa dola. Kikosi kinamvaa tu kama mtumishi avaavyo sare ya mwajiri. Ndiye yuleyule wa sarafu za euro 1 na 2. Wafalme wa enzi za kati walimchukua kwa Warumi, na mwaka 1950 Jamhuri ya Shirikisho ikamrasimisha tena.

Hatua ya 2: Soma rangi kwenye ngao ya taifa. Tai ni mweusi juu ya dhahabu. Kanuni ya kale inakataza rangi juu ya rangi, au dhahabu juu ya fedha (hizi mbili huhesabiwa metali, si rangi), maana ngao ilitakiwa itambulike kwa mbali vitani. Mdomo, ulimi na kucha ni vyekundu. Wataalamu wa nembo huuita mdomo na kucha silaha za ndege, kwa hiyo silaha uliyokuwa ukiitafuta unayo tayari.

Hatua ya 3: Majani. Mwaloni hukua polepole na mbao zake ni ngumu. Wajerumani wameuchora hadi kwenye senti 1, 2 na 5.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, 9 ina siri gani?*
Haina. Walinzi wa mpaka walikuwa na vikundi 8, hiki kikawa cha tisa.

*Waliokoa mateka 86 wa ndege ya Lufthansa pale Mogadishu, Oktoba 1977. Mbona nembo haisemi?*
Tai wa dola hahesabu ushindi wa kikosi kimoja, ndugu yangu. Mimi naona ni vizuri hivyo.

*Na Ufaransa? Jandarmeri, wale polisi wao wa kijeshi, wana kama kitunguu kinachoota.*
Hata mimi nilidhani kitunguu! Ni bomu la mkono la kizamani, na hayo "majani" ni moto.