Pawatila: ya kuzingatia kabla ya kuiwasha na kabla ya kuifungia stoo

Tangu Kilimo Kwanza, kampeni ya serikali ya kuinua kilimo ya mwaka 2009, pawatila (trekta ndogo za magurudumu mawili zinazoongozwa kwa vishikio) zimeingia kwa wingi kwenye mabonde ya mpunga ya Tanzania, na wengi wanaoziendesha walijifunza kwa kumtazama mwenzao. Kulima nazo wanajua. Kinachopungua ni maandalizi, nayo ndiyo yanayookoa vidole na miguu.

Anza injini ikiwa imezimwa, mashine ikiwa mahali tambarare. Pima oili kwa kijiti chake, angalia maji ya kupozea, kisha shika kila kisu cha rotavita, ile sehemu ya visu vinavyozunguka na kuchimba udongo, ukitikise. Bolti iliyolegea huonekana ndogo asubuhi. Kisu kikichomoka katikati ya kazi hakichagui pa kwenda. Kinga ya mikanda iwe mahali pake. Kanga, shuka au shati lililofunguliwa vifungo visikaribie mikanda hiyo. Vaa buti, hata kama jirani analima pekupeku: shamba lenye maji lina chupa zilizovunjika, na lina kichocho.

Kwenye kuwasha, hakikisha gia iko huru na rotavita imekatwa, yaani haipokei nguvu ya injini. Unapozungusha hendeli, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie upande wa pili. Injini ya dizeli ikirudisha pigo, mkono ulioshika hivyo huachia wenyewe. Ulioukumbatia mpini unaweza kuvunjika kifundo.

Jambo ninalotaka kila dereva wa pawatila alielewe ni kona ya mteremkoni. Kwenye tambarare, ukibana klachi ya kushoto, ile iliyo kwenye kishikio, gurudumu la kushoto hukosa nguvu, la kulia linasukuma, na mashine inakata kushoto. Ukishuka kilima mambo hugeuka. Sasa injini ndiyo inayozuia mwendo, kwa hiyo gurudumu uliloliachia hukimbia kuliko mwenzake, na mashine inakata kulia. Dereva mwenye tela la magunia ya mpunga akishtuka, hubana zaidi, na ndivyo anavyoingia mtaroni. Kabla ya kushuka, punguza moto, weka gia nzito, na ugeuze kwa kusukuma vishikio kwa mikono. Gia huru mteremkoni usiiguse kabisa.

Kurudi nyuma pia kuna hatari yake. Kata rotavita kwanza, halafu utazame kuna nini mgongoni: tuta, mti, mtoto. Ukibanwa hapo, visu vinakufuata miguuni. Na magugu yakijisokota kwenye visu, zima injini ndipo uyatoe. Kuweka gia huru hakutoshi.

Msimu ukiisha, iache ipoe, ioshe tope lote bila kuelekeza maji kwenye kisafisha hewa wala bomba la moshi, ikauke juani. Siku hiyo iwashe tena kidogo nje, umwage oili ikiwa na joto, kwa sababu hutoka na uchafu wake, utie mpya. Tangi la dizeli lijaze, maana nafasi tupu ndiyo inayokusanya unyevu. Zile ndogo za petroli ni kinyume: mwaga mafuta yote, yasije yakaganda kwenye kabureta. Toa maji ya kupozea, legeza mikanda, paka visu oili chafu, na uinue ekseli juu ya magogo ili matairi yapumzike.

Kisha zungusha hendeli polepole, kile kiwenzo cha kuachia mgandamizo (kinachorahisisha kuzungusha injini) ukiwa hujakigusa, mpaka usikie uzito. Hapo valvu zote mbili zimefunga na hewa yenye unyevu haiingii kwenye silinda. Bomba la moshi lizibe kwa kopo, nyigu wasijenge.

Najua wengi huilaza ndani kwa kuogopa wezi. Basi isiwe chumba cha kulala wala karibu na jiko, na usiijaribu kuiwasha humo hata kwa dakika moja. Moshi wake unaua. Isikae pamoja na mifuko ya mbolea, kwani chumvi zake hula chuma. Dizeli ya akiba isitiwe kwenye chupa za maji ya kunywa, watoto hawatofautishi.

Kabla ya kufunga mlango, andika namba za mikanda na uhesabu visu vilivyochakaa. Vya kushoto na vya kulia havilingani, kwa hiyo hesabu kila upande peke yake, na ununue kabla mvua hazijaanza.