Jinsi ya kupata mzuka kwenye sanaa, vitu vya kale na mandhari kali

Watu wengi wakienda makumbusho wanapita vyumba vyote mbiombio, simu inajaa picha, halafu wakirudi kwenye kazi zao akili tupu vilevile. Wameona vingi ila hawajakaa na hata kimoja. Kwahiyo kama unaandika, unachora, unashona, unatunga nyimbo au hata unatafuta tu mwelekeo, jaribu hivi.

Zunguka mara moja bila kusimama, halafu rudi kwa kile kimoja kilichokushika, hata kama kimekukera, kukerwa nako ni dalili nzuri tu. Kibao cha maelezo usikisome kwanza, na zile hedifoni za kusikiliza maelezo waachie wenzio, maana ukishaambiwa cha kuona, macho yanatafuta hicho hicho na mengine yanakupita. Kaa nacho robo saa hivi. Mwanzoni utaboreka, vumilia, ndo baadaye unaanza kuona kwamba kumbe yule mtu kwenye picha haangalii mbele, anaangalia mkono wa mwenzie. Chukua penseli uchore, mchoro ukichekesha poa tu, hakuna atakayeuona, ni njia ya kulilazimisha jicho lisirukeruke. Ukimaliza ndo soma kibao.

Kwenye vitu vya kale mi nasema tafuta alama ya mkono wa mtu: kidole kilichobaki kwenye udongo wa chungu, mpini uliolika upande mmoja, mahali fundi alipokosea akafunika. Kuna lile pango la Cueva de las Manos kule Argentina, ukuta umejaa alama za viganja, watu wa kale walikuwa wanaweka kiganja kwenye mwamba wanapulizia rangi kuzunguka, na ukiangalia vizuri vingi ni vya mkono wa kushoto. Kwa nini? Inaelekea wa kulia ulikuwa umeshika kile kibomba cha kupulizia. Sasa hapo unamwona kabisa mtu kasimama, kibomba mdomoni, anajitahidi kiganja kisitikisike, pengine kuna mtu nyuma anamwambia sogea na mimi niweke changu. Alikuwa nani huyo wa nyuma? Swali la namna hiyo liandike, ndo utakalolifanyia kazi. Ukiandika "pazuri sana" hutapata kitu.

Na kama makumbusho iko mbali usijipe kisingizio. Henry Moore, yule mchongaji wa Uingereza, alishikwa na sanamu ya Chac Mool ya Mexico, mtu kalala chali, magoti juu, kichwa kageuza pembeni, na aliyoiona Paris ilikuwa nakala ya plasta tu. Ikamtosha. Mwaka 1929 akachonga mwanamke aliyejilaza, na umbo hilo la mtu kujilaza akawa analirudia miaka na miaka. Alichukua ule mlalo na kile kichwa kilichogeuka, mengine akayaacha hukohuko. Nawe fanya hivyo, chukua kitu kimoja, ukibeba vyote utakuwa unaiga tu.

Mandhari ndo ngumu zaidi aisee, kwa sababu ukubwa unakuziba mdomo, unafika kwenye maporomoko unasema "duh", unapiga picha, unaondoka. Dawa ni kumwangalia Hokusai, yule mchoraji wa Japani. Kwenye ile picha yake ya Wimbi Kubwa ya mwaka 1831 hivi, Fuji, mlima mrefu kuliko yote Japani, kauweka kadogo kule nyuma, mbele wimbi linataka kuwafunika wapiga makasia waliojiinamia kwenye mitumbwi. Basi ukifika mahali pakubwa tafuta kwanza kidogo cha mbele: jani linalotetemeka kwa upepo wa maji, mtu anayefunga kamba ya kiatu. Anzia hapo, mlima utakuja wenyewe. Ukiweza rudi saa tofauti, Monet, mchoraji wa Ufaransa, alichora ukuta uleule wa kanisa kuu la mji wa Rouen zaidi ya mara 30 na kila mara mwanga ulimpa picha nyingine.

Halafu siku hiyohiyo kabla hujalala fanya kitu na ulichopata, ukurasa mmoja, mistari minne, kipande cha kitambaa, kibaya tu. Likipita juma hujaligusa lile swali lako, lifute, katafute lingine.