Namna ya Kujiandaa Kuimba Mbele ya Makocha Waliokupa Mgongo

Katika shindano la The Voice, lililoanza Uholanzi mwaka 2010 kwa ubunifu wa John de Mol na kufika kwenye televisheni ya NBC ya Marekani mwezi Aprili 2011, makocha ni wanamuziki mashuhuri ambao kwenye usaili wa kwanza huketi wakiwa wamempa mwimbaji mgongo. Kocha aliyevutiwa na sauti hubonyeza kitufe, kiti chake kikazunguka. Mwimbaji akigeukiwa na mmoja, huingia katika timu yake. Akigeukiwa na wawili au zaidi, huchagua mwenyewe wa kumfuata. Muda anaopewa kuimba ni kama dakika moja na nusu tu.

Anza na wimbo, wala usifanye haraka kuuchagua, kwa sababu makosa mengi tunayoyasingizia woga wa jukwaani huwa yamekwisha kufanyika nyumbani siku wimbo ulipochaguliwa. Wimbo unaopanda polepole na kufikia utamu wake katika dakika ya tatu, hata uwe mzuri namna gani, haufai hapa. Ukate: ondoa ala za mwanzo, bakiza ubeti mmoja, uingie kwenye kiitikio mapema, kisha pima kwa saa ya simu. Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayomjulisha kocha rangi ya sauti yako, kwa hiyo iwe kwenye eneo ambalo sauti yako ni nene na tulivu, si chini mno ambako maneno humezwa. Ile noti ya juu kabisa iwe ni ile unayoifikia hata asubuhi, hata ukiwa umechoka. Kama unaipata siku za bahati tu, shusha ufunguo, yaani uimbe wimbo wote kuanzia noti ya chini zaidi. Usimwige mwimbaji wa asili, kwani kocha asiyekuona, akisikia nakala ya sauti anayoijua, hana sababu ya kugeuka.

Waliokulia kwenye kwaya wana kazi ya ziada. Kwaya humfundisha mtu kuificha sauti yake ndani ya sauti za wenzake, jambo ambalo ni adabu njema kule, lakini mbele ya viti vile ndilo linalomfanya mwimbaji hodari asikike kama mtu yeyote. Ninawahimiza waimbe peke yao kila siku kwa majuma kadhaa, bila kinanda, mpaka wazoee kujisikia.

Kisha fanya zoezi ambalo kwangu ndilo lenye faida kuliko yote. Waombe watu wanne wasiokuonea haya, na ikiwezekana wasiwe ndugu zako, waketi wakiwa wamekupa mgongo na kila mmoja anyooshe mkono pale ambapo angebonyeza kitufe. Mtu wa tano aandike ni mstari gani. Ikiwa mikono yote inanyooshwa mwishoni, tatizo ni mpangilio wa wimbo; ikiwa hainyooshwi kabisa kwa siku tatu mfululizo, badilisha wimbo.

Kabla ya kuwafikia makocha utachujwa na watayarishaji, na Marekani mchujo wa wazi umekuwa ukifanywa kwa kuimba bila ala. Jifunze kuipata noti yako ya kwanza bila msaada.

Jiandae pia kwa suala la kumchagua kocha, kwa sababu ukigeukiwa na zaidi ya mmoja utatakiwa kuamua papo hapo, taa zikiwa usoni. Umaarufu peke yake ni kipimo dhaifu. Katika hatua inayofuata, kocha huwapambanisha wawili wa timu yake kwa wimbo mmoja na kubaki na mmoja, ingawa tangu msimu wa tatu wa Marekani, mwaka 2012, kocha mwingine anaweza kumchukua aliyeachwa. Kwa hiyo sikiliza anachokuambia kila mmoja. Toleo la Afrika la mwaka 2023, kwa mfano, liliwakutanisha Lady Jaydee wa Tanzania, Yemi Alade wa Nigeria na Awilo Longomba wa Kongo, watu wenye miziki tofauti kabisa, na mwimbaji wa nyimbo za taratibu hangepata malezi yaleyale kwa kila mmoja wao. Mimi ningemfuata kocha anayetaja mahali hasa ndani ya wimbo ambapo sauti yangu ilitetereka na kueleza namna ya kuparekebisha, hata kama mwenzake amenisifu zaidi.